Hema la wavu la familia: kagua chini kabla hujatazama paa

Swali: "Shikamoo Fundi. Naandika kutoka Moshi. Desemba hii ndugu wote wanarudi nyumbani kwa Krismasi na tutakuwa watu 9, akiwemo mama mkwe mwenye miaka 71 anayeumwa magoti, na mwanangu wa miezi 8 anayetambaa. Tumepanga kulala siku moja Ziwa Chala na siku mbili Tarangire. Mwaka jana tulikwenda Nyumba ya Mungu, ilipofika saa 12 na nusu jioni mbu wakatufukuza, tukala chakula ndani ya gari. Nataka hema la wavu la kukaa na kula. Nimeona ya aina tatu: la pembe sita lenye fito za faiba zinazofyatuka zenyewe, gazebo ya bluu ya mita 3 kwa 3 yenye kuta za wavu za kubandika kwa velkro, na kuna fundi hapa mjini anasema anaweza kunishonea la turubai. Mume wangu anapenda gazebo kwa sababu paa lake ni imara. Nichukue lipi?"

Marahaba, binti yangu, na poleni kwa yaliyowakuta Nyumba ya Mungu. Umesafiri na mama mkwe, umebeba sufuria na ndizi, halafu mnamalizia kula mmekunja magoti ndani ya gari vioo vimefungwa, hiyo inaumiza. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu ndani ya swali lako kuna mambo matatu ambayo muuza mahema hatakuuliza: magoti ya bibi, mtoto anayetambaa, na Tarangire. Hayo ndiyo yatakayochagua hema. Paa linakuja baadaye sana.

Chukua lile la pembe sita. Lakini kabla hujatoa hela lipime kwa namna nitakayokueleza, na ukishalinunua lipeleke kwa huyo huyo fundi wako akuongezee pindo la turubai chini. Gazebo ya bluu iacheni, na mwambie baba watoto nina heshima zote kwake, ila safari hii namkatalia.

Nimepiga kambi za wageni tangu miaka ya tisini, na sasa kazi yangu ni kushona na kutengeneza mahema hapa Arusha. Hema la wavu sikulielewa kwa kulishona. Nililielewa jioni moja pale Mto wa Mbu, na jina la mahali linajieleza lenyewe. Tulikuwa na hema jipya, limeagizwa kwa bei kubwa, nguzo nene kama kifundo cha mkono, paa zuri la kukinga mvua. Wageni wakakaa, supu ikaletwa. Haikupita nusu saa kila mtu akawa anainama kujikuna. Hakuna aliyegusa shingo wala mkono, wote walikuwa wanakuna vifundo vya miguu. Nikachukua tochi nikaingia chini ya meza kwa magoti. Kuta za wavu zilikuwa safi, hakuna hata mbu mmoja. Lakini kwenye miguu ya viti na upande wa chini wa meza walikuwa wamejaa, wengine matumbo yameshakuwa mekundu. Nikafuata pindo la wavu kwa tochi. Lilikuwa linaning'inia juu ya nyasi, limebebwa na mashina ya majani, na kati yake na udongo kidole changu kilipita bila kugusa kitu, kuanzia pembe moja hadi nyingine. Usiku ule tulizungusha mabegi, vitambaa vya meza na tairi la akiba juu ya pindo, wageni wakamaliza chakula chao. Tangu hapo sijawahi kuanza kukagua hema la wavu kwa kutazama juu.

Kuna sababu ya wale mbu kwenda miguuni. Mbu humtafuta mtu kwa kufuata pumzi anayotoa, na akishamkaribia hufuata joto na harufu ya ngozi. Kwetu huku tambarare, kuanzia mashamba ya mpunga ya Mabogini na Chekereni kushuka chini, mbu anayebeba malaria zaidi ni Anopheles arabiensis. Huyu hana shida kuuma mtu aliye nje, hata ng'ombe anamuuma, na mtu akiwa amekaa kwenye kiti hupendelea kushambulia miguu na nyayo. Kwa hiyo mwanya wa kidole pale chini, kwake ni mlango uliopakana na meza ya chakula. Kuta zako zinaweza kuwa na wavu bora kuliko wote duniani na zisikusaidie chochote.

Sasa nenda dukani na umwombe muuzaji alisimamishe hema. Akikataa, nenda duka jingine. Likishasimama, piga magoti. Tazama wavu unaishia wapi. Katika mahema mengi ya bei nafuu wavu unakatwa sawa na ardhi, umeshonwa utepe mwembamba, basi. Hilo ni hema la sakafu ya saruji. Porini ardhi ina vichuguu, mashina na mashimo, na wavu uliokatwa sawa hauwezi kuifuata. Unachotaka ni pindo la ziada la kitambaa kizito, linalolala chini kama gauni refu linavyoburuta, lenye upana wa sentimita 25 au zaidi kuzunguka hema lote, mlangoni pia. Ulilolitaja la pembe sita mengi huja na pindo la sentimita 10 hivi, ndiyo maana nasema umpelekee fundi.

Utaniuliza kwa nini usinunue lenye sakafu iliyoshonwa moja kwa moja. Ni swali la haki, na kwa vijana wawili ningesema nunua. Lakini sakafu iliyoshonwa huja na kizingiti: kitambaa hupanda sentimita 10 hadi 15 mlangoni ili maji yasiingie, na kila anayeingia lazima anyanyue mguu. Mama mkwe mwenye magoti mabovu, jioni, mwanga hafifu, mkononi ana kikombe cha chai. Nimeshamwinua mzee mmoja aliyeanguka hivyo hivyo na sitaki kusikia habari kama hiyo kutoka kwako. Tena sakafu hiyo viti huitoboa ndani ya safari mbili tatu.

Fanyeni hivi badala yake. Simamisheni hema lisilo na sakafu, mkunje pindo kuingia ndani, halafu mtandike turubai kubwa juu ya pindo hilo mpaka ukutani, na juu ya turubai mtandike mkeka. Uzito wa turubai, mkeka, viti na watu 9 ndio unaolikandamiza pindo. Wazee wetu walipotandika kitanda walichomeka chandarua chini ya godoro, na hii ni kazi ile ile. Mtoto anatambaa juu ya mkeka safi, bibi anaingia bila kunyanyua mguu. Mlangoni peke yake ndipo pindo litabaki huru, na hapo mtaweka mfuko mrefu wa kitambaa uliojazwa mchanga, unaosukumwa kwa mguu mtu akipita. Ushoneni nyumbani kutoka mguu wa suruali ya jinzi iliyochakaa, unatosha kabisa.

Turubai hilo lina kazi nyingine. Desemba ardhi imelowa mvua za vuli, na siafu wanatembea. Siafu hawana habari na wavu, wanapita chini yake kama maji. Kabla ya kusimamisha, zungukeni eneo lote kwa macho, na mkiona njia yao, ule mstari mweusi unaotiririka, hameni mita 20 au 30. Msijaribu kushindana nao.

Mlango ni jambo la pili kwa uzito, na watu wanaudharau. Hesabu familia yako: watu 9, watoto wanatoka kuchukua mpira, mtu anatoka kugeuza nyama, mtu anakwenda msalani. Kwa saa tatu za jioni mlango unafunguliwa mara 40 au 50. Milango ya sumaku inayojifunga yenyewe inapendeza dukani, ila upepo ukivuma kidogo inaachana katikati na chini, na anayeingia wa mwisho hajui. Chagua zipu. Iwe nene, meno yake yaonekane vizuri kwa macho, na iwe na vishikio ndani na nje. Tazama inapoishia: zipu mbili zinapokutana pembeni chini, mara nyingi pana kitundu cha kupitisha kalamu. Fundi anakiziba kwa kipande cha kitambaa ndani ya dakika 10. Vumbi ndilo linaloua zipu, kwa hiyo kila baada ya safari ipigwe brashi ya meno kavu, halafu isuguliwe na mshumaa.

Na mlango uelekee wapi? Mimi huuelekeza kule upepo unakotoka. Harufu na pumzi zenu zinabebwa na upepo kwenda upande wa pili, na mbu wanakuja wakiifuata harufu hiyo kinyume cha upepo, kwa hiyo wanajikusanya nyuma ya hema. Ukitaka kuhakikisha, saa 1 usiku zunguka na tochi utazame nje ya wavu, upande mmoja utawakuta wengi na upande mwingine wachache. Mlango ukiwa upande wa wachache, umepunguza kazi nusu. Mvua ikija na upepo huo huo itabidi mgeuze au mteremshe pazia, hilo nalikubali.

Tuje kwenye wavu wenyewe. Chukua rula ya mtoto wa shule, iweke juu ya wavu, hesabu matundu ndani ya sentimita 1. Yakiwa 5 kwenda pembeni na 5 kwenda chini, hapo una matundu 25 hivi kwa sentimita ya mraba, ambayo ni sawa na kipimo kinachotumika kwa vyandarua vya kitandani, matundu 156 kwa inchi ya mraba. Mbu hapiti hapo. Usubi, wale wadogo kama punje ya pilipili manga iliyosagwa, wanahitaji wavu wa matundu 10 au zaidi kwa sentimita. Kwa safari yako nisingekusukuma huko. Kadiri matundu ya wavu yanavyokuwa madogo ndivyo upepo unavyopita kwa shida, na mchana wa Desemba huku chini joto litawatoa ndani kabla ya mbu kuwafikia. Matundu 6 au 7 kwa sentimita yanatosha kabisa. Ukishahesabu, sukuma wavu kwa dole gumba kwa nguvu, kisha uachie. Matundu yakirudi mahali pake, sawa. Yakibaki yamepanuka, usinunue, maana mgongo wa kiti cha mtoto utafanya vivyo hivyo kila siku. Na uwe mweusi au kijivu cheusi: wavu mweupe ukipigwa na jua au taa unang'aa machoni, huoni ziwa wala mnyama, unaona wavu tu.

Nikuombe jambo moja hapa, kwa sababu naletewa kila mwaka na huwa nakataa. Usikate vyandarua vya kliniki kutengenezea kuta. Kwanza ni vya mama wajawazito na watoto, vinatakiwa kitandani. Pili havifai kwa kazi hii. Sisi watu wa Arusha tunavijua vyandarua: kiwanda cha A to Z cha hapa kwetu kilianza kutengeneza vya aina ya Olyset mwaka 2003 kwa teknolojia kutoka Japani, na dawa yake imechanganywa ndani ya uzi. Matundu ya Olyset ni mapana kuliko ya chandarua cha kawaida, kwa kuwa mbu anatakiwa kuuawa na dawa anapougusa uzi huku akihangaika kumfikia mtu. Ukikifanya ukuta wa hema kikapigwa jua, vumbi na kufuliwa kila safari, dawa inapungua na matundu yanabaki mapana vile vile. Wavu wa madirisha wa faiba nao uache, ni mgumu kukunjwa, ukikunjwa mara kwa mara unapasuka kwenye mikunjo.

Sasa gazebo ya baba watoto. Paa lake ni imara kweli, na kwa sherehe ya ubatizo nyumbani ningeisifia. Shida ni kwamba kuta zake hazikushonwa kwenye paa, zimebandikwa kwa velkro. Kila kona kuna mwanya juu ambako utepe unapinda kufuata nguzo, na velkro ikishashika vumbi na nyuzi za mkeka hainati tena. Chini hakuna pindo. Ukiirekebisha yote hayo umeshanunua hema la pili.

Lakini hata kama kuta zingekuwa zimeshonwa, ningekukataza kwa sababu ya rangi. Mnakwenda Tarangire, na Tarangire kuna mbung'o, ambao wengi wetu tunawaita ndorobo. Hawa wanauma mchana, wanatoboa hata shati jepesi, na wanavutwa na vitu vinavyotembea, hasa magari, pamoja na rangi mbili: bluu na nyeusi. Mkipita hifadhini mtaona vitambaa vya bluu na vyeusi vimetundikwa kwenye miti. Vimetiwa dawa, mbung'o anavutwa na rangi, anagusa, anakufa. Sasa wewe ukisimamisha paa la bluu la mita 9 za mraba, umewatundikia kitambaa kile kile bila dawa, na chini yake umewakalisha mama mkwe na mtoto mchanga. Mbung'o ndio wanaoeneza malale. Ni ugonjwa wa nadra kwa wasafiri, usiogope safari yako, ila si hadithi: mwaka 2001 walikuwepo watalii walioupata baada ya kutembea Serengeti na Tarangire. Paa liwe la rangi ya udongo, kahawia au majani makavu. Na nguo zenu siku hizo zifuate mfano huo huo, zile jinzi za bluu zibaki Moshi. Wavu mweusi niliousifia usikutie wasiwasi, macho yanapenya kwenye matundu yake na hauonekani kwa mbali kama kitambaa kizima.

Kuhusu ukubwa sina maneno mengi. Mita 3 kwa 3 inakaa watu 6 wenye viti na meza, wa saba anakaa akiwa ameegemea wavu, na mtu akiegemea wavu mbu anamuuma kutoka nje. Kwa watu 9 tafuta lenye upana wa mita 3.6 au zaidi kutoka ukuta hadi ukuta, na urefu wa mita 2.1 katikati ili wanaume wasitembee wameinama. Likikosekana la ukubwa huo, watoto wakae kwenye mkeka na viti vibaki kwa wakubwa.

Upepo ndio utakaowajaribu Chala. Ziwa lenyewe limo ndani ya shimo la volkano, lakini kambi iko juu ukingoni, hakuna cha kuzuia upepo. Mahema ya fito za kufyatuka yana ubaya huu: yanasimama kwa dakika 2, mtu anaona yamesimama, anaondoka bila kufunga kamba. Nguvu ya upepo haiongezeki polepole. Kasi ikizidi mara mbili, msukumo unakuwa mara nne. Niliwahi kuona hema la namna hiyo likiviringika kama tairi hadi kwenye miiba, fito tatu zikavunjika. Kila pembe ifungwe kamba, kwa hema la pembe sita ni kamba 6, pamoja na mbili za ziada upande wa upepo. Vigingi vinavyokuja na hema ni vya waya, tupa. Nenda kwa mchomeleaji yeyote mtaani kwenu akukatie nondo ya milimita 10 vipande vya sentimita 30, upande mmoja achonge ncha, upande wa pili akunje kichwa kama fimbo ya mchungaji. Udongo wa Chala una mawe, kigingi cha nondo kinaingia kwa nyundo. Tarangire ni kinyume chake: sehemu zenye ule udongo mweusi wa mbugani, mvua ikinyesha kigingi kinachomoka kama kisu kwenye siagi. Hapo fungia kamba kwenye gari, au kwenye mifuko ya mchanga. Beba pia kipande cha bomba jembamba cha sentimita 15 kinachoingia juu ya ufito. Faiba ikivunjika unakivalisha pale palipovunjika, unazungusha utepe, safari inaendelea.

Fundi wako wa turubai simdharau hata kidogo, ni mwenzangu. Hema la turubai lililoshonwa vizuri litadumu mpaka huyo mtoto wa miezi 8 aoe. Ila kwa upana unaotaka, pamoja na nguzo za chuma, litakuwa na uzito wa watu wawili kulibeba, na kwa gari lenye abiria sijui mtaliweka wapi. Kama mngekuwa na pikapu na mnapiga kambi kila mwezi, ningekuambia mpe kazi yote. Kwa safari moja au mbili kwa mwaka, mpe kazi ya pindo. Jambo moja zaidi kwa faida yako: ukisikia mtu wa mlimani anakushauri ununue hema la kulia chakula kama lile wapagazi wanaloliita mesi, jua kwamba lile limeundwa kuzuia baridi na upepo wa Kilimanjaro, kule juu ambako mbu hawana shughuli. Kuta zake ni kitambaa kizito, mchana wa Tarangire mtaiva humo ndani.

Na sasa mambo ambayo hema hili haliwezi, tafadhali uwasomee wote kabla ya kuondoka. Si chumba cha kulala. Kambi za umma za hifadhi hazina uzio, fisi na simba wanapita, na wavu si ukuta. Usiku kila mtu alale kwenye hema lake la kawaida, zipu imefungwa. Na anofelesi huuma zaidi usiku mkubwa watu wakiwa wamelala, kwa hiyo hema la wavu la jioni halichukui nafasi ya kinga ya kulalia. Hasa mtoto, kagua hema lake kama ulivyokagua hili.

Usiache chakula humo, mchana wala usiku. Nyani na tumbili wanachana wavu kwa sekunde kwa ajili ya kipande cha mkate. Tembo ni zaidi. Desemba ni msimu wa maembe, nanyi ni watu wa Kilimanjaro, najua gari litakuwa na mikungu ya ndizi. Tembo wa Tarangire wananusa matunda kutoka mbali na wanayafuata yalipo. Ndizi, maembe na machungwa yakae ndani ya gari, vioo vimepandishwa, na maganda yasitupwe kando ya hema. Na kama mtabeba mbege, iwe kwenye chombo chenye kifuniko, kwa maana nyuki na nzi wataiona kabla yenu.

Jiko haliingii ndani. Najua mvua itanyesha, mtateremsha mapazia, bibi atasikia baridi, na mtu mwenye huruma atasema tumletee jiko la mkaa apate joto. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi, inalaza watu usingizi wasioamka, na mapazia yakiwa chini wavu hausaidii kitu. Bibi apewe blanketi na chupa ya maji ya moto. Jiko likae nje mita 3 au zaidi, upande ambao cheche hazibebwi na upepo kuja kwenye kitambaa, kwa sababu poliesta haiwaki polepole, inayeyuka na kudondoka ikiwa moto.

Taa nayo ina adabu yake. Baada ya mvua za vuli, usiku mmoja kumbikumbi wakitoka ardhini, taa nyeupe ndani ya hema itawaita wote, watafunika wavu mpaka msione nje. Tundika taa kali nje, mita 10 kutoka hemani, iwe chambo. Ndani tumieni taa ndogo ya mwanga wa njano, inavutia wadudu wachache. Watoto wa Moshi watafurahi kuokota kumbikumbi kule kwenye taa, waacheni.

Wiki moja kabla ya safari lisimamisheni hapo nyumbani uani, saa 12 na nusu jioni, na mtandike turubai na mkeka kama nilivyosema. Giza likiingia weka taa chini katikati ya mkeka, halafu wewe toka nje uzunguke taratibu umeinama. Mwanga unaopita kwenye wavu utauona umefifia, umetapakaa. Lakini mahali ambapo pindo halijakaa, utaona mstari mkali wa mwanga umelala juu ya majani. Weka alama ya chaki au utepe kila unapouona, na asubuhi mpelekee fundi.

Ukifika kwake mwambie hivi: turubai jepesi la rangi ya udongo, upana sentimita 35, lishonwe mishono miwili kwa uzi wa nailoni kuzunguka hema lote, mlangoni likatwe katikati na vipande vipitane sentimita 20. Kila pembe aweke kitanzi cha mkanda kinachoingia kigingi cha nondo. Asishone turubai kwenye wavu wenyewe. Alishone kwenye ule utepe mnene wa chini, maana wavu ukibeba uzito utachanika siku ya kwanza ya upepo. Ni kazi ya nusu siku. Ukimkuta hana uzi wa nailoni, msubirini aupate.